Bembea za Kibiti Zichongwe Kibiti

Tunda la msikundazi likianguka majini halizami. Ganda lake ni gumu na jepesi, na ubavuni limetoa ukingo mwembamba ulio mfano wa mkuku wa jahazi. Maji yakijaa katika delta ya Rufiji, tunda hilo husafiri lenyewe kutoka mkono mmoja wa mto hadi mwingine mpaka lipate tope la kuotea. Mtoto wa Salale au wa Mbuchi akiliokota hahitaji kuelekezwa la kufanya nalo. Mwenzake akipata tunda la mkomafi, lile kubwa la mviringo, akalipasua, atakuta mbegu zenye pembepembe zimebanana hata wembe haupiti. Kuzitoa ni rahisi. Kuzirudisha zikakaa zilivyokuwa ni kazi ya kutwa, na hakuna duka la Kariakoo linalotoa fumbo la aina hiyo bure.

Kwa hiyo anayesema watoto wa Kibiti hawana vya kuchezea hajatazama chini. Vimetapakaa. Wasichokuwa nacho ni uwanja ulio wao, bembea na mtelezo wa kudumu, na mtu mzima anayelihesabu jambo hilo kuwa kazi yake. Na hivyo vikubwa visisubiriwe kuletwa na lori kutoka Dar es Salaam, wala kwa hisani ya mfadhili. Mafundi wa kuvitengeneza wapo wilayani, mali ghafi ipo, na sheria ipo.

Tuanze na hiyo sheria, maana wengi hudhani mchezo ni anasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi au mlezi inaorodhesha chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, kisha haki ya kucheza na kupumzika. Mchezo umewekwa kwenye orodha moja na sahani ya wali. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao ibara yake ya 31 inalinda mchezo. Desemba 2021 ikazinduliwa PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi na makuzi kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Na tangu mwaka 2024, kila Juni 11 ni Siku ya Kimataifa ya Mchezo. Karatasi hazikosi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na zaidi ya wanne katika kila kumi hawajafikisha miaka 15. Ukitafuta viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya umati huo, utavihesabu kwa vidole.

Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji miaka kama kumi iliyopita, ina sura mbili. Ya kwanza ni ya nchi kavu, kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara: Jaribu, Bungu, Kibiti mjini. Huko kuna mikorosho, minazi, miembe, malori na bodaboda. Sura ya pili ni delta yenyewe, kuanzia Nyamisati, bandari wanakopandia chombo wanaokwenda Mafia, kushuka hadi visiwa vya matope ambavyo hufikiwa kwa maji tu. Huko kuna msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Kwa miaka kadhaa jina la Kibiti lilipochapwa magazetini lilikuwa la mauaji. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa huko Mkengeni kwa siku moja. Mwaka 2024 likarudi kwa mafuriko. Ni nadra likatajwa kwa jambo la mtoto.

Mtoto wa sura ya kwanza huchezea kando ya lami. Wa sura ya pili huchezea kando ya maji yenye mamba. Kila mmoja ana hatari yake, na mzazi wa kila mmoja yuko shambani.

Vifaa vikubwa vikifika katika mazingira haya, kwa kawaida hufika vikiwa vya chuma: fremu iliyochomelewa, bembea mbili za mnyororo, mtelezo wa bati uliopakwa rangi nyekundu na njano. Siku ya kukabidhiwa hupigwa picha. Baada ya hapo hewa ya chumvi huanza kazi yake kimyakimya. Mnyororo hushika kutu, kiti hukatika upande mmoja, na mtelezo uliotazamishwa jua la mchana huunguza mapaja saa ambayo watoto ndio wanatoka darasani. Shule haina fungu la matengenezo. Mwisho wake hujulikana na kila mnunuzi wa vyuma chakavu apitaye na mkokoteni.

Kosa hili si la Kibiti peke yake, na wakubwa wa dunia wamelifanya kwa fedha nyingi zaidi. Kusini mwa Afrika ulibuniwa mtambo ulioitwa PlayPump: bembea ya kuzunguka, watoto wanaisukuma, nayo inavuta maji ya kisima hadi kwenye tangi. Wazo lilipendeza mno. Mwaka 2006 nchini Marekani zilitangazwa ahadi za dola milioni 16.4 ili mitambo hiyo isambazwe. Kisha ikaonekana kuwa watoto huchoka, huenda shule, hulala. Na mtambo ukisimama, wanawake watu wazima ndio wanaolazimika kuuzungusha ili wapate ndoo moja. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu kwamba ili kufikia kiwango cha maji kilichoahidiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Ukiharibika, fundi wa kijiji hakuwa na vipuri wala ujuzi wa kuugusa. Kitu cha mchezo kilichokosa fundi jirani kina siku zake za kuhesabika, hata kiwe na wafadhili wakubwa namna gani.

Upo mfano wa upande wa pili, na ni wa zamani. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, msanifu wa bustani aitwaye C. Th. Sørensen alifungua uwanja wa watoto huko Emdrup, pembezoni mwa Copenhagen. Alikuwa ameona kuwa watoto wanaviacha viwanja vizuri alivyowachorea na kwenda kwenye maeneo ya ujenzi kuchezea mbao, matofali na mabomba. Basi akawapa hivyo hivyo: takataka za ujenzi, nyundo, misumari, na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Mwingereza Lady Allen wa Hurtwood alifika huko mwaka 1946, akarudi kwao na wazo hilo, likaota katika magofu yaliyoachwa na mabomu ya London. Mwaka 1971 Simon Nicholson naye akaandika kwamba ubunifu wa mtoto hutegemea wingi wa vitu anavyoweza kuvisogeza, kuviunga na kuvivunja. Wazungu walihitaji vita na msanifu ili wagundue kile ambacho mtoto wa Bungu hukifanya kila alasiri nyuma ya karakana ya pikipiki.

Mtazame mtoto huyo anapounda gari. Anachukua dumu la mafuta ya kula lililopasuka, analikata ubavu mmoja, ndiyo bodi. Kandambili iliyokatika haitupwi: anakandamiza juu yake ukingo wa kopo, anauzungusha mpaka ule mpira unatoka duara, mara nne. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Ile ya mbele haifungwi kwa nguvu bali huachwa icheze, kisha inaungwa na waya mrefu unaopanda hadi kifuani na kuishia kwenye usukani wa duara, ili dereva atembee wima huku gari likikata kona mbele yake. Likivuta upande mmoja analigeuza, anaongeza kipande cha ndala, analijaribu tena. Amekwisha kusoma mhimili, msuguano na mizania kabla hajakutana na maneno hayo ubaoni.

Malighafi hiyo hiyo ya kandambili ndiyo iliyofunika ubavu wa chombo cha Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelezwa lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka uliofuata. Wanaposifiwa watu wazima kwa ubunifu huo, ni haki ikumbukwe kuwa watoto wa pwani waliwatangulia.

Kampala nako, katika makazi duni ya Acholi Quarters, msanii Ruganzu Bruno Tusingwire alikusanya chupa za plastiki zilizotupwa akawajengea watoto bustani ya michezo, ikiwamo ndege ya kupanda. Mwaka 2012 ikampatia tuzo ya kimataifa ya dola 10,000. Jambo la kuiga hapo ni utaratibu aliotumia: takataka za jirani, mikono ya jirani, watoto wa jirani. Chupa zenyewe si lazima. Kibiti haina haja ya kukusanya chupa wakati ina mitumbwi.

Karibu kila kijiji cha delta kina mtumbwi uliostaafu. Umetoboka, umeliwa na minyoo ya baharini, umelazwa chini ya mti ukingoja kuwa kuni. Ukivutwa juu ya mahali maji ya bamvua yanapofika, ukasuguliwa vibanzi, ukatobolewa chini ili mvua isituame, kisha ukazikwa nusu kwenye mchanga usibingirike, umekuwa kifaa cha mchezo ambacho kiwanda hakiwezi kukitengeneza. Uongezewe mlingoti mfupi na tanga la gunia. Mtoto wa miaka mitatu anaupanda bila msaada. Mtoto asiyeweza kutembea anaufikia kwa kutambaa, jambo ambalo ngazi ya chuma haimruhusu. Na gharama yake ni soda za vijana wanne watakaouvuta.

Kisha kuna dungu. Wakulima wa bonde la Rufiji wamejenga madungu tangu enzi, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo mashambani, ili mafuriko yapite chini na mlinzi aone mbali anapoamia ndege na kufukuza nguruwe pori. Kila fundi wa huko anajua kulisimamisha. Likijengwa la kitoto, jukwaa likaishia urefu wa mita moja na kidogo, likawekwa ngazi upande mmoja, wavu wa kupandia upande wa pili na mtelezo wa tatu, ndiyo ile minara inayouzwa kwa mamilioni katika katalogi za nje. Mvuvi anayejua kushona jarife ndiye wa kusuka wavu wenyewe kwa kamba nene. Hapo kuna kipimo kimoja cha kuzingatia: tundu lisiwe kati ya sentimita 9 na 23, kwa sababu nafasi hiyo huruhusu mwili wa mtoto mdogo kupita na kichwa kikakwama. Liwe dogo kabisa au liwe kubwa kabisa.

Nguzo nazo zina maneno. Boriti za mikoko ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na nchi za Ghuba kwa miaka mingi, na upana wa vyumba vya huko ukafuata urefu wa boriti hizo. Leo mikoko ni msitu uliohifadhiwa. Kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa, na hata uwanja wa watoto hauhalalishi kosa hilo. Mnazi mkongwe usiozaa tena unatosha. Shina lake likilazwa chini ni daraja la kutembelea kwa mizania, likikatwa vipande ni viti. Ila ile desturi ya kupaka nguzo oili chafu ili mchwa wakae mbali haifai mahali ambapo mikono ya watoto hushika na kwenda mdomoni. Na rangi isipakwe mpaka isomwe kwenye kopo kwamba haina madini ya risasi.

Matairi ni neema ya barabara kuu. Malori na pikipiki huyaacha kila wiki, na hakuna kitu kinachovumilia watoto kuliko tairi: hukaliwa, huzikwa nusu likawa kizingiti cha kuruka, huning'inizwa. Lakini lina mambo mawili. Likichakaa, nyaya za chuma huchomoza na kukata, hivyo lichaguliwe ambalo bado lina mwili. Pili, tairi lililolazwa huhifadhi maji ya mvua, na mbu aina ya Aedes, yule wa homa ya dengi iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2019, hupenda hapo kuliko popote. Litobolewe matundu chini kabla halijawekwa, si baada ya watu kuanza kuugua.

Bembea yenyewe ni kamba mbili na tawi la mwembe lililo hai. Bahati nzuri mjini na vijijini miembe haijaisha, na mikorosho ya zamani ina matawi ya chini yanayopandika kwa urahisi, mradi yale yaliyokauka yakatwe mapema. Kiti kiwe cha turubai au kipande cha tairi. Ubao mzito ukirudi kwa kasi ukampata mtoto anayepita, hapo ndipo meno yanapotoka. Mbele na nyuma ya bembea iachwe nafasi mara mbili ya urefu wa kamba, na chini umwagwe mchanga wa kina kisichopungua sentimita 30. Mchanga ukikanyagwa hushindiliwa na kuwa sakafu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuuchimbua kwa reki kila baada ya siku chache, na mtu huyo lazima alipwe, hata kama ni kidogo.

Nyumbani hali ni nyepesi zaidi, na wazazi hawapaswi kuona haya kwa kutonunua. Bao la kitoto huchimbwa uani: safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64 za komwe zilizookotwa vichakani karibu na pwani. Mtoto anayepanda kete kwa kuzihesabu amejifunza kujumlisha bila kiboko. Mdako unahitaji shimo moja na vijiwe. Ukirusha kimoja juu, unakomba vingine kabla hakijatua. Vifuu viwili na kamba ni viatu virefu vya kutembelea. Karara la mnazi ni mashua. Ukuti mbichi ukikunjwa na kuchomekwa kijiti ni kititia kinachozunguka kwa upepo. Vipande vya ukindu vinavyobaki mama anapomaliza mkeka hufungwa vikawa mpira ambao hauvunji kioo. Lundo la mchanga lenye kivuli cha makuti juu yake lina thamani kuliko gari la betri litakalokufa kabla ya Idi ijayo.

Kuna la kuangaliwa hapo pia. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi, na watoto wa kwenye mikorosho hupenda kuchezea. Waachiwe zilizobanguliwa, kama zitabaki.

Wasichana wanastahili aya yao. Alasiri ikifika, mvulana yuko kwenye chandimu. Dada yake yuko kisimani, au amembeba mdogo wake mgongoni. Mchezo wake, rede, huomba nafasi ndogo tu: wawili wanarusha mpira, aliye kati anaukwepa huku akijaza chupa mchanga. Ni mchezo wenye mbio, shabaha na ujanja kama mpira wa miguu. Lakini uwanja ukiwa mmoja, wavulana huweka magoli mawili na habari inaishia hapo. Kiwanja kinachopangwa vizuri hutenga kona ya rede na kamba za kuruka mbali na goli, tena karibu na bomba la maji, ili msichana anayesubiri ndoo ijae acheze akisubiri. Mwenye kupanga akikosa kuwauliza wasichana, atakuwa amewajengea wavulana kiwanja cha pili.

Katika delta, uwanja mkubwa wa mchezo ni mto, na hapo ndipo mazungumzo ya bembea yanapogeuka kuwa ya uhai. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa na umri chini ya miaka mitano. Shirika hilo linashauri mambo mawili yanayohusu watoto moja kwa moja: wadogo wasiofika umri wa shule wawekwe mahali penye mwangalizi mbali na maji, na walio shuleni wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Zanzibar, kijiji cha Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea tangu mwaka 2011, wakiwa wamevaa mavazi ya stara, na wazazi waliokuwa na wasiwasi wakaona wenyewe kuwa hakuna kilichoharibika. Nyamisati, Kiasi na Msala hazina sababu ya kukosa kitu hicho. Mtumbwi ule uliozikwa mchangani na dungu lile la kitoto, vikiwekwa upande wa kijiji ulio mbali na gati, ukazungushwa ua wa makuti na kuwekwa bibi mmoja wa kuangalia, tayari ni kituo cha kulelea watoto wakati mama yuko kwenye mpunga.

Fedha? Serikali imejenga madarasa kwa miaka mingi kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kijiji kinatumia mafundi wake badala ya mkandarasi, na gharama zikapungua. Utaratibu uliotosha kusimamisha darasa utashindwaje kusimamisha bembea? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea mwaka uliofuata. Vikundi vingi huombea bodaboda na kuku. Kikundi cha vijana wa kuchomelea, wachonga mitumbwi na wasuka kamba wanaojenga viwanja vya shule za awali kwa mkataba, wakarudi kila muhula kukagua, kingekuwa na kazi ya kudumu katika shule zote za wilaya, maana tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 madarasa ya awali hayana upungufu wa watoto. Msimu wa korosho na ufuta ukiisha, ushuru wa mazao huingia halmashauri. Kiasi kidogo chake kikiandikwa kwa jina hilo katika bajeti, mwangalizi na reki yake wamelipwa.

Ardhi ndiyo ngumu. Dar es Salaam imekwisha kufundisha somo hili kwa machozi: viwanja vya wazi vilivyochorwa kwenye ramani vilimegwa kimoja kimoja, leo ni gereji, baa na nyumba za ghorofa, na watoto wa Manzese na Tandale huchezea uchochoroni. Zanzibar walau wana viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo mjini Unguja na Tibirinzi huko Chake Chake, vinavyofurika kila sikukuu ya Idi, kwa sababu kuna mtu aliamua kuwa ardhi hiyo haitajengwa kitu kingine. Kibiti mjini ingali na nafasi. Ni mji unaokua kando ya barabara kuu, viwanja vinapimwa na kuuzwa kila mwaka, na bei inapanda. Kisichotengwa sasa kitanunuliwa baadaye kwa bei ambayo hakuna halmashauri itakayoiweza.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mtu mzima anayeishi kijijini ana haki ya kusimama na kuuliza. Wazazi wa Kibiti, kuanzia Jaribu hadi Msala, mkutano ujao msiulize mfadhili atakuja lini. Mwulizeni mwenyekiti kiwanja cha watoto kiko wapi, kina ukubwa gani, na kimeandikwa kwa jina la nani.